Mwanga Uliozua Hofu Kamembe

Katika mtaa mmoja wa Kamembe, wilayani Rusizi, pale ambapo nyumba zimejipanga mteremkoni zikilitazama Ziwa Kivu, anaishi mzee mmoja aliyefanya kazi ya ulinzi wa usiku kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa akilinda ghala la mizigo karibu na maji. Kazi ile ilimwachia maumivu ya magoti, na tabia moja ambayo majirani waliifanyia mzaha kwa muda mrefu: kila aonapo jambo geni angani, huchukua daftari la shule, huandika mistari mitatu au minne, kisha hulifunga bila kusema neno.

Tabia hiyo aliipata kazini. Msimamizi wake wa kwanza alimfundisha kwamba kitabu cha zamu si mahali pa hadithi. Mlinzi huandika saa, upande, muda, na kile ambacho jicho limeona au sikio limesikia. Akidhani kwamba kivuli kile ni mwizi, basi na adhani. Lakini kitabuni aandike kwamba ameona kivuli. Kwani atakayekisoma kitabu asubuhi hutaka kujua kilichotokea, wala si kile ambacho mlinzi alikiogopa.

Ndivyo alivyoliandika na daftari lake la anga. Ukurasa mmoja una maneno haya: "Saa tisa na robo usiku. Taa tatu juu ya ukungu, upande wa ziwa. Hazitembei. Sauti za watu wakiimba." Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, aliongeza asubuhi yake: "Wavuvi wa sambaza." Ukungu ulikuwa umeyafunika maji, na taa za mitumbwi ile inayofungwa pamoja kwa miti mirefu zikaonekana kana kwamba zimening'inia hewani. Mzee hakuifuta ile mistari ya kwanza baada ya kuupata ukweli. Aliyoyaona usiku yalibaki yalivyo, na maelezo ya asubuhi yakapata mstari wake.

Ukurasa mwingine ni wa Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013. Jioni ya siku hiyo kivuli cha mwezi kilipita kutoka Gabon, kikaikata Kongo, kikafika Pakwach nchini Uganda na kaskazini mwa Kenya, ambako jua lilifunikwa lote. Huku Rusizi lilifunikwa sehemu kubwa tu. Watoto wa mtaani walikuwa wakikaza macho kulitazama, naye akawafukuza, akawaita chini ya mparachichi. Pale ardhini, vile vidoa vya mwanga vinavyopenya kati ya majani vilikuwa vimeacha kuwa duara. Kila kimoja kilikuwa mwezi mchanga. Mamia ya miezi michanga ilikuwa imetawanyika juu ya udongo. Mzee aliandika: "Jua limeliwa upande mmoja. Tumeliona chini, si juu."

USIKU WA PICHA

Mzee huyo ana mjukuu, mwanafunzi wa sekondari. Baba wa kijana ni askari, na wakati wa mkasa huu alikuwa mbali, katika kikosi cha kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwachia mwanawe simu yenye kamera nzuri, ili amtumie habari za nyumbani.

Ilikuwa msimu wa mvua wa mwaka 2025. Mwezi wa Februari mwaka huo mapigano yalikuwa yamefika Bukavu, mji ulio ng'ambo tu ya mto Rusizi, na watu wengi wa Kamembe walikuwa bado wakilala usingizi wa mang'amung'amu. Wakubwa walikumbuka pia mwaka 1996 na mwaka 2004, ambapo vita vilifika katika mji huohuo. Katika mji wa mpakani wenye kumbukumbu za namna hiyo, mwanga wowote angani ni swali zito.

Usiku mmoja, yapata saa mbili, mawingu meusi yalikuwa yametanda juu ya milima ya Kongo. Umeme ulimulika ndani yake mara kwa mara, bila sauti. Kijana alipanda juu ya ukuta wa ua akapiga picha. Alipoitazama, moyo ulimruka. Juu ya ziwa, upande wa kulia, palikuwa na mwanga wa kijani, mviringo na mkali, wenye kingo zilizokatwa vizuri kama sarafu. Hakungoja. Aliituma picha katika kikundi cha WhatsApp cha vijana wa mtaa, akaandika: "Ndege isiyo na rubani juu ya ziwa. Mabomu yanamulika Bukavu."

Haikutimia saa moja kabla picha haijazunguka mtaa mzima. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na usiku huo kila mtu aliikumbuka methali hiyo. Milango ilifunguliwa, vitanda vikaachwa, watu wakasimama barabarani wakitazama ziwani, wasione kitu. Na kwa kuwa hawakuona kitu, waliogopa zaidi. Mkuu wa mudugudu alitembea nyumba hadi nyumba akiwasihi watulie. Mama mmoja jirani hakungoja kusihiwa. Aliwafunga wanawe nguo za baridi, akatoka nao chini ya mvua kuelekea kwa ndugu zake upande wa Bugarama. Mtoto wake mdogo alipata homa ya kifua, akalazwa siku tatu.

Picha haikuishia Kamembe. Usiku uleule ilimfikia baba wa kijana kupitia simu ya askari mwenziwe, dakika chache kabla hajaingia zamu. Alipiga simu nyumbani mara sita. Simu ya mkewe ilikuwa imezimika kwa kukosa moto, na simu ya kijana ilikuwa imebanwa na ujumbe wa watu. Basi alisimama zamu yake yote, mikono ikiwa juu ya silaha na moyo ukiwa Kamembe. Kila askari anajua maana ya kulinda katika hali hiyo. Mlinzi ambaye moyo wake uko nyumbani ni nusu ya mlinzi, na wenzake waliolala nyuma yake hawajui kwamba wanalindwa na nusu.

MKONO WA MZEE

Kesho yake mzee hakupiga kelele. Alimwita mjukuu wake, akaiomba ile picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Uliuona mwanga huu?" akauliza.

"Ndiyo, babu. Huu hapa."

"Sikukuuliza habari za picha. Uliuona kwa macho yako, kabla ya kuinua simu?"

Kijana alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, babu. Niliuona ndani ya simu."

Jioni, saa mbili ileile, walisimama pamoja juu ya ukuta uleule. Chini yao, upande wa kushoto, ilikuwa inawaka taa kali ya lango la jirani. Kijana alielekeza simu ziwani, na mara mwanga wa kijani ukatokea tena katika kioo, upande wa kulia, juu ya maji. Mzee akanyoosha mkono mbele ya simu, akaikinga ile taa ya lango. Mwanga wa kijani ukatoweka. Akauondoa mkono, mwanga ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu, asiseme neno hata moja.

Jambo hilo si la ajabu kwa wapiga picha wa zamani. Ndani ya kamera mna vioo kadhaa vidogo vilivyopangwa mmoja nyuma ya mwingine. Taa kali inapoingia, sehemu ya mwanga wake hugonga vioo hivyo, hurudi na kwenda, kisha huchora doa mahali ambapo hapana kitu. Aghalabu doa hilo hutokea upande unaokabiliana na taa yenyewe: taa ikiwa chini kushoto, doa huwa juu kulia. Kamera haikudanganya, ilionyesha kilichotokea tumboni mwake. Aliyesema kwamba ni ndege alikuwa binadamu.

Palibaki yale "mabomu." Mzee alimketisha kijana, wakayatazama mawingu yaliyokuwa yakimulika tena upande uleule. "Mwanga ukitokea, hesabu," akamwambia. Sauti husafiri mwendo wa kilomita moja kwa muda wa sekunde tatu hivi. Mtu akihesabu sekunde kumi na mbili kati ya mwanga na ngurumo, radi iko umbali wa kilomita nne. Walihesabu hadi sitini, sauti haikuja. Ngurumo huchoka njiani, na ni nadra kusikika kupita kilomita ishirini, lakini mwanga wa radi usiku huonekana kutoka mbali mno.

Tena upande ule una sifa yake duniani. Watafiti walipoyapitia yaliyorekodiwa na setilaiti kati ya mwaka 1998 na mwaka 2013, waliikuta Kabare, upande huo wa Kongo, ikiwa ya pili ulimwenguni kwa wingi wa radi, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo nchini Venezuela. Hesabu yao ilikuwa mimuliko zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Watu wa Kamembe wanaishi mbele ya tamasha hilo, na mara nyingi hawana habari.

NENO LA JIRANI

Mzee alimwamuru kijana apite nyumba kwa nyumba, si kwa simu bali kwa miguu, aeleze kosa lake. Walio wengi walicheka, wakamsamehe. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mama aliyerudi kutoka hospitali na mtoto wake.

Kijana alijieleza, akainamisha kichwa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikuogopa picha. Picha za uongo naziona kila siku. Nilitoka usiku ule kwa sababu ni wewe uliyesema, na wewe sijapata kukusikia ukisema uongo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Alirudi nyumbani, akaomba daftari.

MACHO YA WENGI

Isidhaniwe kwamba somo la mkasa huu ni kuacha kutazama juu. Mbingu za Afrika Mashariki zimepata kuleta mambo makubwa, na yamefahamika kwa sababu watu wa kawaida walitazama na kueleza vizuri.

Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, kimondo kilipasuka juu ya mji wa Mbale nchini Uganda, na mawe yakanyesha juu ya mashamba na majumba. Kijipande cha gramu tatu hivi kilipita katika majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani, kisimdhuru. Watafiti waliofika baadaye waliwauliza wenyeji: ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini, jiwe liliangukia wapi? Kwa majibu hayo waliweza kuonyesha mahali 48 palipoangukiwa na mawe, na uzito wa jumla wa kilo 150 hivi. Wakulima, wafanyakazi na watoto wa Mbale ndio waliokuwa mashahidi wa elimu hiyo.

Vivyo hivyo, tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma iliangukia kijiji cha Mukuku, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya. Upana wake ulikuwa mita 2.5 hivi na uzito wake kilo 500 hivi. Wanakijiji waliarifu wakuu wao, eneo likazungushiwa ulinzi, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba kitu hicho kilikuwa kipande cha roketi. Taarifa iliyotolewa mapema kwa wahusika ilikata mizizi ya uvumi.

Siku hizi kuna na lile jambo linalowatisha wengi: msururu wa taa zinazofuatana angani kama shanga katika uzi, bila mlio. Hizo ni setilaiti za Starlink, ambazo kundi lake la kwanza la 60 lilirushwa mwezi wa Mei mwaka 2019. Huonekana hivyo katika siku za kwanza baada ya kurushwa, kabla hazijatawanyika. Nazo huonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, kwani huko juu zingali zinapigwa na jua wakati ardhi imekwisha kuingia gizani.

Wala mambo ya anga si ya wageni peke yao. Tarehe 27 Februari 2019 ilirushwa kutoka Guyana ya Kifaransa setilaiti iliyopewa jina la Icyerekezo, yaani dira, kwa ushirikiano wa Rwanda na kampuni ya OneWeb. Kusudi lililotangazwa lilikuwa kuzifikishia intaneti shule za mbali, na shule iliyotajwa mwanzo ilikuwa ya kisiwa cha Nkombo, humuhumu Rusizi. Setilaiti za aina hiyo ziko juu mno, kiasi cha kilomita 1,200, na kwa kawaida jicho tupu haliwezi kuziona. Lakini mtoto wa Nkombo anapotazama juu usiku, ana haki ya kujua kwamba kisiwa chake kimetajwa huko.

NAMNA YA KUPIGA PICHA

Baada ya mkasa ule, mzee na mjukuu wake waliandika kanuni zao katika jalada la daftari. Kila nyumba inaweza kuzitumia.

Kwanza, tazama kwa macho kabla ya kuinua simu. Kama jicho halikioni, usiamini kioo. Pili, futa lenzi kwa kitambaa kikavu, na ugeuke mbali na taa za karibu. Tatu, usiishike simu mkononi usiku; iegemeze juu ya jiwe au ukuta, na utumie kile kihesabu sekunde kinachopiga picha chenyewe, ili kidole kisiitikise. Nne, usivute picha karibu kupita kiasi, kwani nyota iliyovutwa hugeuka kuwa duara la ajabu. Acha paa, mti au mlima uonekane pembeni, ili mtazamaji apate kipimo. Tano, piga picha mbili kutoka mahali pawili. Mwanga wa kweli hukaa mahali pake juu ya mlima. Doa la lenzi huhama pamoja na simu. Sita, andika hapohapo saa, upande, muda na sauti.

Kuhusu jua, kanuni ni moja tu: lisitazamwe kwa jicho tupu wala kupitia kamera au darubini isiyo na kichujio maalumu. Kioo kilichopakwa masizi na picha ya eksirei havikingi macho. Fundi wa kuchomelea chuma aweza kutumia kioo cha namba 14. Mwingine na atazame chini ya mti, kama watoto wa mparachichi.

Na kwa familia za askari kuna jambo zaidi. Picha ya anga isiwe kisingizio cha kupiga picha ya kambi, daraja la mpakani au kituo cha ulinzi. Kinachotia shaka kipelekewe wahusika kwanza, kikundi cha simu baadaye, au kisipelekwe kikundini kabisa.

MWEZI MWEKUNDU

Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote, na Afrika Mashariki nzima ilikuwa mahali pazuri pa kuuona. Kwa saa za Rwanda, kivuli cha dunia kiliufunika wote kuanzia saa moja na nusu usiku hadi saa tatu kasoro dakika nane, yaani dakika 82.

Mzee na mjukuu walikuwa tayari uani, simu ikiwa juu ya tofali. Yule mama jirani alikuja na wanawe wote, akawaketisha kwenye mkeka. Mawingu yaliziba, yakaachana, na mwezi ukaonekana upande wa mashariki, juu ya milima ya kuelekea Nyungwe, ukiwa na rangi ya udongo wa matofali, na nyota moja angavu karibu yake, ambayo ni Zohali. Mtoto mdogo aliuliza kama mwezi umeumia. Kijana alimweleza kwamba dunia imesimama kati ya jua na mwezi, na kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua uliopita ukingoni mwa dunia, katika hewa yake.

Kisha akamtumia baba yake picha moja, yenye paa la nyumba yao pembeni, na maneno haya: "Saa moja na dakika arobaini usiku. Mashariki. Mwezi mwekundu wote, nimeuona kwa macho. Hakuna sauti. Nyumbani wote wazima."

Jibu lilifika baada ya kitambo, kutoka nchi ambayo saa zake ziko nyuma ya Rwanda kwa saa moja: "Saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni. Mashariki. Nimeuona na mimi. Naingia zamu."

Mama wa kijana aliisoma mara mbili, akairudisha simu juu ya tofali. Mzee alikuwa amekwisha kulifungua daftari, akimngojea mjukuu wake aandike.